Unga wa E415, migomba ya Muleba na mafuta yanayopanda juu ya chupa

"Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Muleba mkoani Kagera, na kwa mwaka mmoja sasa ninatengeneza sosi ya pilipili yenye kitunguu saumu na mafuta ya alizeti, ambayo ninaiuza kwenye chupa. Shida yangu ni kwamba baada ya siku tatu mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Muuza vifungashio mmoja mjini Bukoba aliniuzia unga ulioandikwa E415 akaniambia ni emulsifaya, yaani kitu cha kushikanisha mafuta na maji. Nilitia kijiko kimoja cha chai kwenye lita tano, na cha ajabu sosi ikajitenga haraka kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kisha mpwa wangu anayesoma chuo akaniambia kwamba unga huo hutengenezwa na bakteria wale wale walioua migomba ya mama mkwe wangu, na kwamba siku hizi bakteria hao hubadilishwa vinasaba ili watoe gundi mpya inayoshika mafuta na maji kwa pamoja. Anasema anaweza kutafuta mbegu ya bakteria hao tukawafuga wenyewe kwenye ndoo. Je, ninawalisha wateja ugonjwa? Je, unga huu ni GMO, yaani umetokana na viumbe waliobadilishwa vinasaba? Na kama hiyo gundi mpya ipo, nitaipata wapi?"

Marahaba, mama. Ninaelewa kwa nini umeshtuka. Mtu aliyeona kibanja kizima kikinyauka, ndizi zikiiva kabla ya wakati na usaha wa manjano ukitoka kwenye shina lililokatwa, hawezi kuambiwa kwamba adui yule yumo ndani ya pakiti iliyo jikoni kwake akabaki ametulia. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu mpwa wako hakubuni mambo. Ameshika kamba iliyo ya kweli, ila ameivuta kuelekea mahali pasipo pake. Nitaongeza pia jambo moja ambalo hukuliuliza, na ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko yote uliyoyauliza.

Unga wa E415 ni gundi ya zanthani. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, ambaye porini kazi yake ni kuozesha kabichi na jamii yake: ukiona jani la kabichi limekuwa na pembe ya manjano yenye umbo la V na mishipa imegeuka myeusi, huyo ndiye. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba nao unaletwa na Xanthomonas, na kwa miaka mingi vitabu viliuita kwa jina la campestris, na mwishoni likaongezwa neno musacearum, yaani "wa migomba". Mwanafunzi yeyote anayesoma kitabu cha zamani atakuta jina lile lile na kudhani ni kiumbe kimoja. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba yule wa migomba ni wa spishi nyingine, na wataalamu wakamhamishia Xanthomonas vasicola. Ni ndugu wa ukoo, wala si mtu mmoja mwenye majina mawili. Wa kabichi haleti mnyauko kwenye mgomba. Yule wa migomba alielezwa kwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye mmea wa ensete unaofanana na mgomba, akaonekana Uganda mwaka 2001, kisha akasambaa hadi Kongo, Rwanda, Kenya, Burundi na huko kwenu Kagera. Anasafiri kwa wadudu wanaotembelea ua dume, kwa panga lililokata mgomba mgonjwa na kuhamia mzima, na kwa machipukizi yaliyochukuliwa kwenye shamba lenye ugonjwa. Hasafiri kwa chupa ya sosi.

Hata huyo wa kabichi hayumo hai ndani ya pakiti yako. Kiwandani bakteria hulishwa sukari ndani ya tangi la chuma lenye joto la nyuzi 28 hadi 30, hupulizwa hewa na kukorogwa kwa siku mbili tatu hivi, na muda wote huo wanatoa ute nje ya miili yao. Mwishoni tangi zima huwa limejaa kitu kizito kinachovutika kama mlenda uliokolea. Hapo hupashwa moto ili bakteria wafe, kisha humiminiwa pombe ya isopropanoli inayoufanya ute ugande na kuelea kama nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo hukamuliwa, hukaushwa na kusagwa. Unachonunua ni ute uliokauka. Gundi hiyo iligunduliwa katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Peoria, Illinois, katika miaka ya 1950, na mkemia Allene Jeanes akiwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Marekani iliiruhusu katika chakula mwaka 1969. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayochunguza viongezi vya chakula iliipitia mwaka 1986 ikaona hakuna haja ya kuiwekea kikomo cha kula kwa siku, na mamlaka ya chakula ya Ulaya ilifikia uamuzi kama huo mwaka 2017. Anayekula nyingi sana atapata gesi na kuharisha kidogo. Tahadhari moja ya kweli inawahusu watoto njiti: mwaka 2011 mamlaka ya Marekani ilionya kwamba kiongeza uzito cha maziwa, yaani cha kuyafanya yawe mazito, chenye zanthani, kisitumike kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37, baada ya baadhi yao kuugua vibaya utumbo. Sosi ya pilipili hailishwi mtoto mchanga, lakini nimelitaja kwa sababu pakiti ikishakuwa nyumbani watu huanza kuibunia matumizi.

Je, ni GMO? Zanthani iliyozoeleka sokoni hutolewa na bakteria waliochaguliwa kwa njia za kawaida, yaani kuchagua wale wanaotoa ute mwingi na mzuri na kuwaendeleza, kama mkulima anavyochagua mbegu. Hakuna jeni ngeni iliyopandikizwa ndani yao. Sukari wanayolishwa huweza kutoka kwenye mahindi, na katika nchi kama Marekani mahindi mengi ni ya GMO, lakini sukari ikishasafishwa haina vinasaba. Ukitaka uhakika kwa ajili ya mteja anayeuliza, mwombe muuzaji cheti cha uchambuzi cha mtengenezaji pamoja na tamko lake kuhusu GMO. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha hata jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya matumizi, mwache, hata kama bei yake inavutia.

Sasa tuingie kwenye chupa yenyewe, maana hapo ndipo ulipodanganywa kidogo, nadhani bila nia mbaya. Zanthani si emulsifaya. Ni kiongeza uzito. Watu wengi huchanganya vitu hivyo viwili, hata wenye viwanda.

Ukisaga mafuta ndani ya siki na maji, unapata matone madogo madogo ya mafuta yaliyotawanyika. Mambo mawili huyatenga tena mafuta na maji. La kwanza ni kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo kila tone linapanda. Kadiri tone lilivyo kubwa ndivyo linavyopanda kasi, na si kwa uwiano wa moja kwa moja: ukipunguza kipenyo cha tone kwa nusu, mwendo wake hushuka hadi robo. La pili ni kwamba matone mawili yakigusana uso kwa uso, yanaungana na kuwa moja kubwa, na hilo kubwa linapanda upesi zaidi. Kiongeza uzito hupambana na lile la kwanza kwa kuyazuia matone yasitembee. Emulsifaya hupambana na la pili. Ni molekuli yenye upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, ambayo hujipanga kwenye ngozi ya tone na kuliwekea ganda, hivi kwamba matone yakikutana yanasukumana badala ya kumezana. Kiini cha yai kinafanya hivyo kwa lesithini na protini zake. Haradali inafanya hivyo pia. Kitunguu saumu kilichosagwa sana kinajaribu, na ndiyo maana sosi yako ilidumu siku tatu badala ya saa tatu.

Kwa nini basi ilijitenga haraka zaidi ulipotia zanthani? Nilifurahi uliposema hivyo, kwa sababu ni jambo ambalo wengi hulipata na kudhani wameuziwa unga bandia. Kijiko kimoja cha chai cha zanthani ni kama gramu mbili na nusu hadi tatu. Kwenye lita tano hiyo ni takriban asilimia 0.05. Kiasi hicho hakitoshi kujenga wavu wa kuyashika matone, lakini kinatosha kuleta madhara. Nyuzi za zanthani ni ndefu na ngumu, kama njiti zinazoelea ndani ya maji. Matone mawili yakisogeleana sana, njiti hazienei katika mwanya uliobaki kati yao, na zile zilizo nje zinayasukuma matone kutoka pande zote hadi yanabanana. Matone yaliyobanana yanapanda kama kundi, na kundi lina mwendo wa tone kubwa. Ukiongeza zanthani hadi asilimia 0.3 hivi, njiti zinasongamana na kushikana zenyewe kwa zenyewe, chupa ikisimama sosi inatulia kama uji uliopoa, na ukiitikisa njiti zinalala upande mmoja na sosi inamwagika vizuri. Kidogo mno ni kibaya kuliko kutotia kabisa.

Hapo ndipo linapokuja swali la mpwa wako, na ni swali zuri: kwa nini tusiwe na gundi moja inayofanya kazi zote mbili, ijenge wavu na pia iyavike matone ganda?

Gundi zote hizi ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari. Sukari inapenda maji mno, ndiyo maana mnyororo mtupu wa sukari hauna shauku ya kukaa kwenye ngozi ya tone la mafuta. Polisakaridi zinazofanikiwa kuwa emulsifaya zina kitu cha ziada kilichoshikizwa kwenye sukari. Gundi ya migunga, ile inayovunwa Sudan na pia kaskazini mwa Kenya, ambayo huwekwa katika soda ili mafuta ya machungwa yasielee, ina protini kidogo sana, takriban asilimia mbili tu, lakini protini hiyo ndiyo inayojichomeka kwenye mafuta na kuivuta sukari nyuma yake kama mkia. Wanga wa E1450 hupewa vipande vya mafuta kiwandani kwa kemikali, visivyozidi asilimia tatu, na wanga ambao jana ulikuwa ugali tu leo unashika mafuta. Unaona kwamba badiliko lenyewe ni dogo. Kazi kubwa ni kulishikiza mahali panapofaa.

Bakteria hufanya ushikizaji huo wenyewe, kwa vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina jeni yake. Katika bakteria wa zanthani, jeni 12 zimepangwa pamoja mfululizo, kutoka gumB hadi gumM, na zinafanya kazi kama mafundi waliokaa kwenye benchi moja wakishona mkeka. Fundi wa kwanza, gumD, huweka sukari ya glukosi kwenye kishikizo cha mafuta kilicho katika ngozi ya bakteria. GumM huongeza glukosi ya pili. GumH, gumK na gumI huongeza sukari tatu za pembeni, mmoja baada ya mwingine. Kipande hicho cha sukari tano hugeuzwa upande wa nje, huunganishwa na vipande vingine maelfu, na mnyororo husukumwa nje ya seli. Njiani mafundi wengine watatu hutia nakshi: gumF na gumG hubandika vipande vya asetili, na gumL hubandika piruvati.

Kuanzia miaka ya 1980 wanasayansi wa Marekani walianza kuwaondoa mafundi hao mmoja mmoja na kuangalia mkeka unatoka vipi. Ukimzima gumL, zanthani inakosa piruvati na uzito wake unapungua. Ukizima wale wa asetili, uzito unapanda. Ukimzima gumI, mnyororo unatoka na sukari nne badala ya tano na unakuwa mwepesi. Mwaka 1997 jeni za zanthani zilihamishiwa hadi ndani ya bakteria wa jamii nyingine kabisa, Sphingomonas, naye akatoa gundi hiyo. Kwa hiyo mpwa wako asidhani nampinga: kubadilisha polisakaridi kwa kubadilisha vinasaba vya bakteria ni jambo lililofanyika kweli, na kwa umakini mkubwa. Lakini angalia ni nini kilichobadilika. Asetili ina kaboni mbili tu. Ukiiondoa au ukiiongeza unabadilisha jinsi nyuzi zinavyojikunja na kushikana; huipi gundi mkono wa kushika mafuta. Kwa mkono huo unahitaji mkia wa kaboni kumi au zaidi, na bakteria wa zanthani hana fundi wa kazi hiyo.

Yupo bakteria mwenye fundi huyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Eugene Rosenberg na David Gutnick wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, pamoja na wenzao, walichunguza bakteria wa pwani ya jiji hilo wanaokula mafuta ghafi yanayochafua bahari. Mmoja wao, wa jamii ya Acinetobacter, aliyepewa jina la RAG-1, alikuwa akitoa kitu kinachoyavunja mafuta kuwa matone madogo ili ayafikie. Walikiita emulsani. Ni polisakaridi yenye asidi za mafuta zilizoshikizwa moja kwa moja kwenye sukari zake, nyingi zikiwa na kaboni 10 hadi 18, na sehemu moja ya emulsani inatosha kwa mamia ya sehemu za mafuta. Hiyo ndiyo gundi anayoiota mpwa wako.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Massachusetts, akiwemo David Kaplan wa Chuo Kikuu cha Tufts, walionyesha kwamba emulsani inaweza kubadilishwa hata bila kugusa jeni: ukimlisha bakteria asidi ya mafuta ya urefu fulani, sehemu yake huishia kwenye gundi, kama maziwa yanavyobeba harufu ya majani aliyoyala ng'ombe. Waliongeza na njia ya kuvuruga jeni mbalimbali ili wapate bakteria wanaotoa emulsani tofauti. Mwaka 2001 Gutnick na mwenzake walichapisha ramani ya kundi la jeni zinazoitengeneza, lililopewa jina wee, lenye jeni 20 hivi katika kipande cha herufi 27,000 za DNA. Kwa karatasi, mlango ulikuwa umefunguka: unajua mafundi, unajua nakshi, agiza mkeka unaoutaka.

Kwa nini basi huioni dukani? Nitakuambia ninavyoona mimi, kwa kuwa nimekaa karibu na matangi ya uchachushaji kwa miaka kadhaa. Kwanza, seli ya bakteria haivumilii mchezo. Kishikizo cha mafuta kinachobeba sukari ni kile kile ambacho bakteria anakitumia kujenga ukuta wa mwili wake, na vishikizo hivyo ni vichache. Ukimwondoa fundi wa katikati ya benchi, mara nyingi kazi ambayo haijakamilika inaganda kwenye vishikizo na bakteria anakufa au anadumaa. Pili, kadiri gundi inavyokuwa nzuri ndivyo tangi linavyokuwa zito, na hewa haiwafikii bakteria walio ndani. Nimewahi kusimama mbele ya tangi ambalo pangaboi lake lilikuwa linazunguka ndani ya shimo lake lenyewe huku ute uliobaki ukiwa umetulia tuli. Tatu, emulsani iligeuka kuwa kitu chenye mchanganyiko kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2003 kundi lile lile la Tel Aviv lilionyesha kwamba protini inayotolewa na bakteria huyo pamoja na gundi inachangia sana uwezo wa kushika mafuta. Uchambuzi wa baadaye ukakuta ndani ya kile kilichoitwa emulsani kuna pia lipopolisakaridi, ambazo ni sehemu za ganda la bakteria zinazojulikana kuchochea homa na uvimbe zikiingia mwilini. Na jamii ya Acinetobacter ina ndugu anayesumbua sana wodi za hospitali. RAG-1 si huyo, lakini mamlaka ya chakula ingetaka ushahidi mwingi kabla ya kuruhusu. Matumizi yaliyotafutiwa emulsani yalikuwa kusafisha matangi ya mafuta ghafi na kuyafanya mafuta mazito yapite kwenye mabomba. Haimo katika orodha ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ya viongezi vinavyoruhusiwa. Kwa hiyo jibu la "niipate wapi" ni kwamba kwa chakula, huipati, na mtu akija kukuuzia, usinunue.

Kuhusu ndoo, naomba nizungumze na mpwa wako moja kwa moja. Kijana, acha. Ukitega ndoo ya maji ya sukari jikoni, atakayeota humo si yule uliyempanda. Ataota yeyote aliyetua kwanza, na ute utakaopata hutajua ni wa nani. Huna namna ya kumuua, kumsafisha, wala kupima kilichobaki. Na kama bakteria amebadilishwa vinasaba, Tanzania ina kanuni za usalama wa kibayolojia za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kiumbe wa namna hiyo haingizwi nchini wala kufugwa bila kibali. Kuleta Xanthomonas yoyote iliyo hai katika mkoa unaoishi kwa ndizi ni jambo ambalo hata mimi, mwenye maabara, nisingethubutu. Kama somo limekuingia moyoni, omba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika maabara ya chuo, ufanye kazi hii ukiwa na msimamizi na tanuri la mvuke la kuua vijidudu.

Sasa turudi jikoni kwako, mama. Kwa lita tano, pima gramu 15 za zanthani kwa mizani ndogo ya dijitali, si kwa kijiko. Usiimwage kwenye maji: itafunga madonge yenye unga mkavu katikati, kama ugali uliosongwa na mtu mwenye haraka, na madonge hayo hayayeyuki tena hata ukikoroga hadi jioni. Ichanganye kwanza na sehemu ya mafuta ya alizeti, mara tano au sita ya uzito wake, mpaka iwe kama rojo jepesi; kisha mimina rojo hilo polepole kwenye siki na pilipili huku blenda ikizunguka. Ndani ya mafuta unga hauvimbi, kwa hiyo unapata muda wa kuutawanya. Kwa ajili ya ganda la matone, tumia haradali ya unga, anza na vijiko viwili vya chakula, au lesithini ya soya inayoandikwa E322. Kiini cha yai kinafanya kazi nzuri kuliko vyote, lakini kwa sosi inayokaa rafuni bila friji sikushauri. Mafuta mengine yaliyobaki yatie mwisho, kidogo kidogo kama uzi, na usage vya kutosha. Matone yakiwa madogo umeshinda nusu ya vita. Zanthani haiogopi siki, chumvi wala moto wa kuchemsha, na hilo linakufaa. Ukiona asilimia 0.3 ni nzito mno kwa chupa yako, shuka hadi 0.2, lakini usiteremke zaidi ya hapo, utarudi kwenye tatizo la matone kubanana.

Na sasa lile ambalo hukuliuliza. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, kikikaa kwenye joto la kawaida bila asidi ya kutosha, ni mahali ambapo bakteria aitwaye Clostridium botulinum hustawi. Mbegu zake ziko kwenye udongo, zinakuja na kitunguu, haziuliwi na maji yanayochemka, na zikikosa hewa ndani ya mafuta zinaamka na kutengeneza sumu ya botulini, ambayo kiasi kisichoonekana kwa macho kinaweza kuua. Sosi inaweza isibadilike ladha wala kutoa harufu. Na ukishafanikiwa kuizuia isijitenge, ikakaa rafuni miezi badala ya siku, hatari hiyo itakuwa imeongezeka, si kupungua, kwa sababu emulsifaya na gundi havihifadhi chakula. Kinachokulinda ni asidi. Loweka kitunguu saumu kilichosagwa kwenye siki kwanza usiku kucha, na hakikisha pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka asidi imezidi) ya sosi iliyokamilika, iliyosagwa yote pamoja, iko chini ya 4.6, mimi ningetaka iwe 4.0 au chini yake. Karatasi za kupimia pH zinakupa fununu, lakini kwa biashara tafuta kipimo cha dijitali na ukirekebishe mara kwa mara. Mteja akikueleza kwamba tangu ale sosi anaona vitu viwili viwili, kope zinashuka, anashindwa kumeza au kuzungumza vizuri, aende hospitali saa hiyo hiyo na aende na chupa, asisubiri kesho.

Hili ndilo eneo ambalo maandishi yangu hayatoshi. Siwezi kupima sosi yako kutoka hapa. Nenda ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani kwako ukiwa na chupa mbili na maelezo ya mapishi yenye gramu, uwaombe wakuongoze kwenye mafunzo ya usindikaji na kwenye upimaji wa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula Tanzania. Sosi iliyopimwa pH na vijidudu itakupa jibu ambalo mtaalamu yeyote wa mbali hawezi kukupa. Kwenye lebo andika zanthani kwa jina lake au E415, na haradali au soya uitaje waziwazi, kwa kuwa wapo watu wenye mzio.

Kuhusu kibanja cha mama mkwe wako, kama bado kuna migomba iliyopona, livunjeni kila ua dume kwa kijiti chenye panda mara tu kichana cha mwisho kinapotoka, msikate kwa panga. Na panga likitumika, lipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mkiona majani yamenyauka na ndizi zimeiva kwa ghafla zikiwa na madoa ya kahawia ndani, mwiteni afisa ugani, au wasilianeni na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, ambacho kazi yake kuu ni migomba.

Chupa tatu za kwanza za mapishi mapya usiziuze. Ziandike tarehe, moja uiweke juani dirishani, moja kabatini, moja kwenye friji, na uzipige picha kila asubuhi kwa wiki mbili. Ile ya dirishani ikiwa haijatoa pete ya mafuta shingoni kufikia siku ya kumi na nne, na pH ya zote tatu haijapanda, niandikie tena, na safari hiyo tutazungumzia kiasi cha chumvi.